Dirisha la Chumba cha Betri

Nyuma ya duka moja la jumla mjini Voi kuna chumba cha mawe, mita tatu kwa mita tatu, paa la mabati bila dari. Kilijengwa zamani kwa ajili ya betri za maji, zile nzito za risasi na asidi ambazo fundi huziongeza maji kila baada ya wiki kadhaa. Aliyekijenga alijua kazi yake: aliacha safu mbili za matundu, moja karibu na sakafu, nyingine chini kidogo ya mabati. Nilipoingia humo Februari, saa nane mchana, betri za maji zilikuwa zimeshaondolewa, na mahali pake zimesimama betri nne za lithiamu, nyembamba na nadhifu, zimepangwa kwenye rafu kama vitabu. Matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia na tepu. Jasho lilinitoka kabla sijamaliza kusalimia.

"Mwalimu, ni hili vumbi," fundi aliniambia. Akapitisha kidole juu ya invata, akakiinua nikione: chekundu kama ndovu wa Tsavo. "Nikiacha wazi, feni za invata zinakwama. Na hizi mpya hazitoi gesi. Za zamani ndizo zilikuwa zinatoa."

Fundi hakusema uongo. Alisema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imeshaua watu kwingineko.

Jambo hili si la duka moja. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ililala gizani, na tangu hapo kila mwenye friji ya nyama, kliniki au mashine ya kusaga anafikiria betri. Kaunti yetu ya Taita Taveta imo katika kaunti 14 za mradi wa KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017 ili kupeleka sola kwenye vijiji, shule, zahanati na visima vilivyo mbali na gridi. Busta za simu juu ya vilima zinaishi kwa betri. Kambi za watalii zilizo ndani ya Tsavo, ambayo peke yake inachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, zinazidi kuacha jenereta na kushika sola. Kwingineko Afrika vituo vikubwa vimeshawashwa: Golomoti nchini Malawi mwaka 2022, na Hex karibu na Worcester, Afrika Kusini, mwaka 2023. Siku itafika kituo cha namna hiyo kisimame kando ya laini zinazopita Voi kutoka Rabai kwenda Nairobi. Ila mimi wasiwasi wangu hausubiri siku hiyo. Vyumba vidogo ni vingi leo, na havina mhandisi.

Tuanze na betri za zamani, maana mazoea yetu yote yametoka kwazo. Betri ya maji ikishajaa na bado unaisukumia umeme, maji yake huvunjika yakawa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha. Hesabu yake si ngumu. Mfumo wa volti 48 una seli 24. Kidhibiti chaji kikiharibika na ampea 10 zikaendelea kupita kwenye betri zilizokwisha kujaa, hutoka karibu lita 100 za haidrojeni kila saa. Chumba cha duka lile kina hewa ya lita 22,000 hivi. Asilimia 4 yake ni lita 880. Kikiwa kimezibwa, mchana mmoja wa jua la Voi unatosha. Na kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi na hukimbilia juu, chini ya mabati hatari huanza mapema zaidi. Ndiyo sababu mjenzi yule aliweka matundu juu. Kwa betri za maji hapakuwa na mabishano: hewa ipite siku zote, upepo wa kawaida tu unatosha.

Lithiamu imeleta mabishano. Siku za kawaida haitoi chochote. Unaweza kulala nayo chumba kimoja mwaka mzima usinuse kitu, na hapo ndipo watu wanapoamini kwamba dirisha halina kazi tena. Lakini seli ikiharibika, labda kwa kasoro ya kiwandani, kwa kugongwa safarini, kwa maji kuingia, kwa nati iliyolegea ikachemka au kwa kuchajiwa kupita kiasi, ndani yake huanza joto linalojizidisha lenyewe. Joto huzaa mmenyuko, mmenyuko huzaa joto zaidi, hadi seli ipasuke na kutema gesi: haidrojeni, kaboni monoksaidi, mvuke wa vimiminika vinavyowaka, na haidrojeni floraidi inayounguza mapafu. Seli jirani hupata joto hilo nayo ikaanza. Betri ya risasi hutoa gesi yake kidogo kidogo kila siku. Ya lithiamu huiweka yote kwa siku moja.

Wengi hudhani dawa ya moto ni kuunyima hewa, kama unavyofunga mlango wa jiko la mkaa. Kwa betri ya lithiamu, mfano unaofaa zaidi ni tanuri la mkaa, na wakaao karibu na ranchi za Maungu na Kasigau wanalijua. Mchomaji hufunika magogo kwa nyasi na udongo, akaunyima moto hewa, na moto hauzimiki. Mwali hupotea tu. Ndani kuni zinaendelea kuiva na kutoa moshi mzito mweupe, na moshi huo wenyewe unaweza kuwaka. Betri iliyofungiwa chumbani ni tanuri la namna hiyo. Mmenyuko uliomo ndani ya seli hauhitaji hewa ya chumba ili uendelee. Ukiunyima hewa, unachopata ni chumba kilichojaa gesi kinachongoja mtu afungue mlango.

Hilo limetokea. Tarehe 19 Aprili 2019, mjini Surprise katika jimbo la Arizona, Marekani, seli moja iliharibika ndani ya kituo cha McMicken. Hakikuwa kituo kikubwa: jengo la mfano wa kontena, megawati 2. Jioni ile vifaa vilifanya vilivyoagizwa. Kihisi kikatambua moshi. Gesi ya kuzimia moto ikamwagwa. Milango ilikuwa imefungwa, na ndivyo gesi hiyo inavyotaka, kwani kwa kawaida chumba hutakiwa kibaki kimezibwa dakika 10 hivi ili ifanye kazi. Mwali haukuonekana. Lakini joto lilihama kutoka seli hadi seli mpaka rafu nzima ikaungua, na kila seli ikatema gesi yake katika chumba kisicho na pa kupumulia. Wazimamoto walipofika waliona ukungu mweupe ukitambaa karibu na ardhi. Wakasubiri, wakapima, na takriban saa tatu baada ya dalili ya kwanza wakafungua mlango. Hewa safi ikaingia na kukutana na gesi. Dakika chache baadaye kontena likalipuka. Kapteni wao alirushwa zaidi ya mita 20, na wanne kati yao waliumia vibaya.

Nimesoma habari za siku ile mara nyingi, na kinachonisumbua ni kwamba hakuna mtu aliyefanya uzembe uwanjani. Kosa lilikuwa kwenye mchoro. Waliochora walifikiria moto, wakasahau gesi. Waliweka dawa inayotaka chumba kifungwe, wala hawakuweka njia ya kutoa kile kitakachojaza chumba kikifungwa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Aprili 2021, Beijing ilipata msiba wake katika wilaya ya Fengtai. Betri za huko zilikuwa za LFP, yaani lithiamu, chuma na fosfeti, aina ile ile inayouzwa kwetu kwa jina la "betri salama". Moto ulianza jengo la kusini. Wazimamoto walipokuwa kazini, jengo la kaskazini, ambalo halikuwa linaungua, likalipuka. Uchunguzi ulionyesha kuwa gesi ilisafiri chini ya ardhi kupitia mtaro wa nyaya. Wazimamoto wawili walikufa, na mfanyakazi mmoja pia. Ni kweli LFP ni ngumu zaidi kuanza na joto lake ni dogo kuliko la betri za nikeli na kobalti. Lakini kwa kuwa mara nyingi hutema gesi bila kuiwasha papo hapo, gesi hupata muda wa kujikusanya. Betri inayowaka mara moja inatisha macho. Inayotoa ukungu kimya kimya ndiyo ya kuogopwa zaidi chumbani. Tangu nisome habari ya mtaro ule, kila ninapoingia duka lenye sola hutazama kwanza nyaya zinapita wapi. Mara nyingi hupita kwenye tundu la ukutani lisilozibwa, kutoka chumba cha betri moja kwa moja hadi chini ya kaunta.

Basi kumbe upepo wa chumba cha betri ni wa aina mbili, na mvutano wote kati ya hewa na moto unatokana na kuzichanganya. Upepo wa kwanza ni wa kupoza: unafanya kazi kila siku, unaondoa joto, hauna haraka. Upepo wa pili ni wa kufukuza gesi: unakaa kimya miaka kumi, na siku ukihitajika lazima uje kwa nguvu katika dakika za mwanzo. Feni ya dirishani ni ya kazi ya kwanza. Kiyoyozi vilevile, tena kiyoyozi huzungusha hewa ile ile, hakitoi hata lita moja ya gesi nje. Ukimwuliza fundi kama chumba kina hewa, naye akakuonyesha kiyoyozi, mnaongea mambo mawili tofauti.

Joto la Voi lenyewe haliwashi betri, na hili lisemwe wazi ili tusitishane bure. Mji uko takriban mita 580 juu ya bahari, na Machi joto la mchana hufika nyuzi 33 hivi. Chini ya mabati bila dari hupita 40. Watengenezaji wengi wa LFP huruhusu betri zao zichajiwe hadi nyuzi 45 na zaidi kidogo. Mmenyuko wa kujizidisha huanzia juu sana ya hapo. Linalofanywa na joto letu ni kuzeesha: betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na lithiamu nayo huchakaa. Kwa hiyo kupoza ni suala la mfuko. Kutoa gesi ni suala la uhai. Tukibanwa na pesa tuchague cha pili kwanza, ingawa cha kwanza ndicho kinachoonekana kwenye hesabu za mwezi.

Ukipanda milimani, mambo yanageuka. Wundanyi na Werugha zina ukungu, asubuhi zina baridi, na kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Huko adui ni unyevu: hewa yenye maji huingia usiku, chuma kikipoa matone hujitengeneza juu ya ncha za betri. Korea Kusini ilipata mioto 23 ya vituo vya betri kati ya 2017 na 2019, na serikali ilipotangaza matokeo ya uchunguzi wake Juni 2019, moja ya sababu nne ilikuwa hii: vituo vya milimani na pwani viliachwa kwenye unyevu, vumbi na mabadiliko makubwa ya joto la mchana na usiku. Sababu nyingine zilikuwa ulinzi hafifu dhidi ya hitilafu za umeme, ufungaji mbovu na mifumo ya udhibiti isiyoongea pamoja. Niliposoma orodha hiyo niliiona kaunti yetu nzima: vumbi la Voi, ukungu wa Taita, chumvi kidogo tu ndiyo iliyopungua. Dirisha wazi tu basi si jibu. Linaloingiza hewa huingiza na vumbi na maji, navyo huweza kuwa chanzo chenyewe cha hitilafu.

Na hata tundu la kutolea gesi linaweza kuwa mlango wa moto. Huko Victoria, Australia, tarehe 30 Julai 2021, betri moja kubwa ya kituo cha Victorian Big Battery iliwaka wakati wa majaribio baada ya maji yake ya kupozea kuvuja. Upepo ulikuwa mkali, ukalaza miali juu ya paa la betri ya pili, ambako matundu ya kupumulia yalifunikwa kwa plastiki. Plastiki ikayeyuka, moto ukaingia. Baadaye matundu hayo yaliwekewa ngao za chuma. Ila tazama tofauti na Arizona: betri zilikuwa nje, kila moja ndani ya kasha lake, hakuna mtu aliyeingia. Wazimamoto walilinda makasha ya jirani kwa maji, wakaziacha mbili ziungue hadi mwisho. Hakuna aliyeumia. Januari 2025 huko Moss Landing, California, hali ilikuwa nyingine: maelfu ya betri yalikuwa yamewekwa ndani ya ukumbi mmoja wa mitambo ya zamani, na moto ulipoanza, zaidi ya watu elfu moja walihamishwa makwao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa Taita Taveta, betri ikae nje. Ikae kwenye kasha lake la chuma lililozibwa dhidi ya vumbi, chini ya kivuli cha paa lisilo na kuta, juu ya msingi wa zege, mbali na dirisha na mlango wa nyumba kwa mita moja au zaidi, na nyasi zifyekwe angalau mita tatu pande zote, maana moto wa nyasi kwetu ni jambo la kila kiangazi. Hapo upepo wa Mungu unafanya kazi zote mbili bila feni. Viwango vya Marekani vinavyoitwa NFPA 855 vinakataza betri hizi kuwekwa vyumba vya kulala, na sioni sababu sisi tuwe na ngozi ngumu kuliko wao.

Pale isipowezekana, labda kwa hofu ya wezi, nayo ni hofu ya kweli, basi chumba kijengwe kikijua kazi yake. Matundu yawe juu na chini, kwa kuwa haidrojeni hupanda lakini ule ukungu mweupe wa mvuke hutambaa chini. Yafunikwe kwa wavu na kichujio cha kuoshwa, si gunia. Kwa vituo vikubwa panatakiwa kihisi cha gesi kinachowasha feni ya kutolea nje kabla gesi haijafika robo ya kiwango cha kulipuka. Feni hiyo iwe isiyotoa cheche, na ipate umeme wa njia nyingine, kwa sababu betri ikijizima na feni ikazimika nayo, tumerudi Arizona. Pawe pia na kipande cha paa au ukuta kilichofanywa dhaifu makusudi, kipasuke kuelekea pasipo na watu. Na mitaro ya nyaya izibwe.

Maji nayo yahesabiwe. Tesla, katika mwongozo wake kwa wazimamoto kuhusu gari la Model S, ilitaja lita 11,000 hadi 30,000 kwa betri ya gari moja. Kwa kiwango cha chini tu hizo ni jerikeni 550 za lita 20. Voi mifereji hukauka siku nyingi, na Rukanga au Makwasinyi huko Kasigau boza lingefika moto umeshajimaliza. Mpango unaotegemea kuzima kwa maji si mpango huku kwetu. Unaoweza kusimama ni wa kuiacha iungue mahali isipomdhuru mtu, na maji machache yaliyopo yalinde jirani.

Sheria haikosekani kabisa. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti huduma za zimamoto. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi zinataka mazoezi na ukaguzi wa moto kila mwaka. Kanuni za sola za 2012 zinataka fundi awe na leseni. Lakini fundi hufundishwa zaidi kuhusu waya na paneli kuliko hewa ya chumba, na mnunuzi hulipia saa za umeme, halipii mita za nafasi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo hapa hapa, na kinafundisha uhandisi wa migodi. Wachimba migodi ndio waliotangulia kujua, kwa vifo vingi, kwamba hewa ya kupumua na hewa ya kufukuza gesi hupangwa pamoja tangu siku ya kuchora. Elimu hiyo ishuke kutoka darasani hadi kwa mafundi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta.

Nilimshauri fundi wangu aanze na gunia. Tuliling'oa pamoja, akaweka wavu na sponji ya kuoshwa kwenye matundu ya chini na ya juu, akaziba kwa saruji tundu la nyaya linaloingia dukani. Kuhamishia betri nje kunangoja uamuzi wa mwenye duka.

Kwa kaunti naomba mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza, orodha ya kila mahali penye betri kubwa, ikae kwa zimamoto. La pili, kibao mlangoni, kwa Kiswahili, kinachotaja aina ya betri, ukubwa wake na nambari ya fundi. Nawe msomaji, kama una betri ya lithiamu dukani au nyumbani, ikitoa moshi au ukungu mweupe, usifungue mlango kuangalia. Toa watu, simama mbali upande upepo unakotoka, uwaite zimamoto na uwaambie ni betri.